Maziwa ya Mama Solange

Fomu ya kuondoka kazini katika biro yetu ina visanduku vitatu: kustaafu, kufukuzwa, kufariki. Nilimuuliza mkuu wetu mtu anayeondoka kwa kuchoka tu aweke alama wapi. "Weye chagua moja," akasema, "kule kwa bakubwa mashini haikubalake fomu iko wazi." Sijafukuzwa, na bado napumua, kwa hiyo nimestaafu. Nina miaka thelathini na moja. Wenzangu wameanza kuniita Mustaafu na kuniuliza magoti yanaendeleaje.

Wawili wanaochukua nafasi yangu wametoka chuo kikuu juzi tu. Wameniomba niwaandikie yale ambayo hayamo kwenye kitabu cha mradi. Nimekubali, ingawa nawaonya mapema: niliingia kazi hii nikijua mambo mengi kuliko ninayoyajua leo.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe, tunafuatana kwa simu na wanawake waliotibiwa saratani ya titi. Matibabu yakiisha, daktari huwaambia wale vizuri na wafanye mazoezi, kisha mlango unafungwa. Sisi tuko upande wa pili wa mlango huo. Tuna vikundi viwili vya mtandaoni, kimoja cha Uvira mjini na kimoja cha Kamanyola na vijiji vya uwanda wa Ruzizi. Tunatuma ujumbe wa sauti na wao wanajibu kwa sauti, kwa sababu wengi hawapendi kuandika na wengine hawakufundishwa. Kila mmoja anajiita jina analotaka. Hatuulizi jina la kitambulisho, hatuombi picha ya uso. Hapa kwetu mwanamke anaweza kukatwa titi akarudi nyumbani na jirani wa ukuta kwa ukuta asijue, na wengi wanataka ibaki hivyo.

Siku yangu ya kwanza nilikwenda Rugenge, kwenye chumba kimoja juu ya duka la dawa, na diploma yangu ya afya ya jamii ikiwa ndani ya bahasha. Hakuna aliyeomba kuiona. Karatasi ya mradi ilisema unawahusu "wanawake wa jamii za wachache". Nikauliza, kama kawaida yangu, hapa Uvira wachache ni nani. Tulikuwa sita mezani. Yule wa milimani alisema ni watu wa kwao. Yule wa uwandani, anayesema Kirundi nyumbani, alisema ni watu wa kwao. Wengine nao wakasema ni watu wa kwao, na kila mmoja alikuwa na sababu ambazo ningeshindwa kuzipinga. Mkuu wetu akafunga kikao akisema tutampokea yeyote mwenye kovu. Naona hadi leo huo ndio uamuzi bora uliowahi kutolewa katika chumba kile, na haukuandikwa popote.

Kitabu cha mradi kiliandikwa mbali. Kina picha za matunda ambayo sijawahi kuyagusa na za baiskeli isiyo na magurudumu. Kinasema: tembea kwa bidii nusu saa kila siku. Nilirekodi maneno hayo kwa sauti yangu nzuri ya chuoni, nikayatuma. Jibu la kwanza katika maisha yangu ya kazi lilitoka kwa mwanamke anayechota maji mtoni:

"Dada wa simu, aksanti. Ile nusu saa, ni ya kwenda ao ya kurudi?"

Nyuma ya sauti yake wanawake wengine walikuwa wanacheka. Nililiandika swali lake kwenye daftari nikalipeleka kwa wakubwa. Jibu lilirudi baada ya wiki tatu: kuchota maji kunahesabiwa "ikiwa mapigo ya moyo yanapanda". Mwanamke yule alikuwa ameshachota maji mara nyingi tangu hapo, na moyo wake hatukuupima.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Furaha. Alikuwa muuguzi miaka mingi, na yeye mwenyewe ana titi moja, jambo analolitaja kama mtu anavyotaja namba ya kiatu chake. Alinisikiliza nikirekodi mara moja tu, akaichukua simu mkononi mwangu na kuizima.

"Unasema sawa muntu anatangaza kifo mu radio," akasema. "Nani atainua mukono na ile sauti?"

Alinifundisha kurekodi ndani ya kabati la nguo, katikati ya makoti, ili kelele za jenereta ya duka zisiingie. Ujumbe usizidi dakika moja, kwa sababu mega za intaneti za watu zinaisha. Zoezi nilitaje huku nalifanya, ili pumzi yangu isikike na wao wajue kwamba hata mimi nachoka. Zoezi letu kuu ni la ukutani. Mwanamke anasimama karibu na ukuta, anapandisha vidole vya upande uliokatwa kidogo kidogo mpaka mkono ukatae, na kesho anajaribu kufika juu zaidi. "Pandisha vidole, mama, polepole, mjusi hana haraka." Maneno hayo nimeyasema mara nyingi kuliko jina langu.

Vipimo pia tulivibuni wenyewe. Mkono wa upande uliokatwa unaweza kuvimba, na wengi hawana utepe wa kupimia. Mama Furaha aliwaambia wazungushe uzi mkononi, wapige fundo pale ncha zinapokutana, kisha wautundike kwenye msumari. Kila Jumatatu wanauzungusha tena. Ncha zikikataa kukutana kwenye fundo, wanatuita. Wataalamu wa mbali walitaka kujua ni sentimita ngapi. Tuliwajibu kwamba hatujui, tunajua tu kwamba uzi haufiki.

Upande wa chakula ndio ulionishinda mapema. Kitabu kinataka kila mwanamke atume picha ya sahani yake. Wa uwandani walituma: sombe, maharagwe, bugali, lengalenga. Wanawake wafugaji walioshuka kutoka milimani hawakutuma kitu. Nikadhani simu zao ni mbovu. Nikadhani wanakaidi. Ni Mama Furaha aliyenieleza kwamba wengi wao walilelewa kuona kuwa mtu mzima mwenye adabu haonyeshi watu anachokula, na kwamba picha ya sahani kwao ni karibu sawa na picha ya kuoga. Basi tukakubaliana waseme kwa sauti, nao wakasema kwa kuzunguka: "leo nilipata kitu kidogo," "leo nilipata kitu kizuri." Jioni nilikuwa najaza fomu inayouliza mboga ngapi, na mbele yangu nina "kitu". Nilijaza. Msiniulize nilijazaje.

Kati ya wanawake hao wa milimani alikuwa Mama Solange. Aliishi mtaa wa Songo na binti yake mmoja, Solange. Alikuwa mwanafunzi ambaye kila mwalimu anamtamani na kumwogopa: alifanya nilichosema, kama nilivyosema, siku niliyosema. Nilipokosea nikatuma zoezi la mkono wa kushoto mara mbili na kusahau la kulia, alifanya kushoto mara mbili. Siku moja akauliza katika kikundi cha Uvira:

"Dada, na maziwa je?"

Kitabu kinasema wenye uzito mkubwa wapunguze maziwa yenye mafuta. Mimi nimekulia kando ya ziwa, kwa samaki wa ndagala, na maziwa kwetu ni unga wa kopo unaowekwa kwenye chai akija mgeni. Pia nilikuwa nimechoka. Kila nilipowaambia wapunguze kitu, walianza kubishana nami kama tuko sokoni: kidogo ni kiasi gani, na kama ni kikombe cha mtoto, na kama ni Jumapili. Nikaingia kabatini nikarekodi sekunde nne: "Maziwa ya mafuta, mama, acha kabisa kwanza."

Neno "kabisa" halimo kitabuni. Niliongeza mimi. Na sikumuuliza uzito wake.

"Sawa, Dada," akajibu. "Nimesikia."

Miezi miwili baadaye, asubuhi, ujumbe uliingia kutoka namba yake, lakini sauti ilikuwa ya msichana.

"Weye njo Dada wa simu? Minye ni Solange. Umeharibu ndoa yangu. Ukuje uone."

Hatukuwa na desturi ya kwenda nyumbani kwa mtu. Kazi yetu ilikuwa sauti tu. Nilimsikilizisha Mama Furaha, na kabla ujumbe haujaisha mara ya pili alikuwa ameshavaa viatu.

Tuliwakuta mama na binti wameketi kila mmoja upande wake wa chumba. Solange ndiye aliyetueleza. Siku iliyotangulia walikuja watu wa kijana anayetaka kumwoa, wafugaji kama wao, wanaoishi Kamanyola. Kijana hana mama. Aliyemlea ni shangazi yake, na shangazi huyo ndiye aliyeongoza ugeni. Walileta maziwa ya ng'ombe wao katika chombo cha mti. Kwa desturi ya koo zao, mama wa pande mbili hunywa kwanza kutoka chombo kimoja, ndipo mazungumzo yanaanza. Shangazi alikunywa, akampa Mama Solange. Mama Solange alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka chini.

"Minye naliachaka maziwa," alisema.

Wageni walisimama. Shangazi aliuliza mara moja kama wamemkosea kitu, hakujibiwa, wakaondoka.

"Si ungekunywa tu, Mama!" Solange alisema, anamwambia mama yake lakini ananitazama mimi. "Mara moja tu!"

"Na kama ile mara moja njo ya kurudisha ugonjwa?"

"Basi ungebaambia ju ya nini unakatala."

"Nibaambie nini? Kama balinikata? Baseme na weye uko nayo mu damu, basioe?" Mama Solange alikuwa mtulivu kuliko sisi wote. "Heri baseme niko na kiburi. Kiburi haiko ya kurithi."

Kisha akanigeukia. "Dada, minye nilikuwa nawaza weye ni muntu mukubwa. Kumbe uko mutoto." Mama Furaha akakohoa ili asicheke. "Sema sasa. Ile mara moja, ingenirudishia?"

Nilisema nahitaji kupiga simu. Nilitoka hadi barabarani, mahali penye rezo ya simu, nikawapigia wataalamu watatu wa mradi mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza akasema hakuna shida, anywe. Wa pili akasema jambo la maziwa bado linabishaniwa, lakini asingemkataza. Wa tatu akaniuliza, "Ana uzito gani?" Niligeuka nikamtazama Mama Solange kupitia mlango uliokuwa wazi. Kitenge chake kilimzunguka karibu mara mbili. Alikuwa mwembamba, na bila shaka alikuwa mwembamba siku ile niliyoingia kabatini. Lile agizo halikumhusu hata kidogo, na alikuwa amelitii hadi likamgharimu binti yake ndoa.

Hapo nikatenda kosa la pili. Nilisema nitakwenda Kamanyola kuwaomba msamaha. Nitawaeleza kwamba mimi hufundisha watu habari za chakula, kwamba nilimkataza maziwa kwa ajili ya tumbo, na kwamba nilikosea. Neno la ugonjwa halitatoka kinywani mwangu. Solange alisema niende leo leo. Mama Solange alitazama mlango. Mama Furaha alinivuta pembeni.

"Baki. Barua inaweza kwenda."

"Barua itaonekana ya uongo."

"Na weye utaonekana ya nini?"

Nilikwenda. Sikuelewa kwa nini alinipinga. Nilidhani ni uzee. Njia nzima, juu ya pikipiki, nilirudiarudia hotuba yangu kuhusu tumbo hadi nikaanza kuiamini.

Shangazi alikuwa uani anachambua maharagwe, amekaa karibu na ukuta wa nyumba, na wajomba wawili wa kijana walikuwa vitini. Nilisalimu, nikapewa kigoda, nikasema: natoka Uvira, nimekuja kuomba msamaha, ni mimi niliyemkataza Mama Solange maziwa, kwa ajili ya tumbo lake.

Mikono ya shangazi ilisimama. Hakunitazama machoni, alitazama mdomo wangu.

"Rudilia," akasema.

Nikarudia, polepole zaidi, wazi zaidi, kama nilivyofundishwa kusema.

"Tumbo," akasema.

"Ndiyo, mama. Tumbo."

Mjomba mmoja akacheka. "Muntu wa kwetu anauma tumbo ju ya maziwa? Tangu lini? Na minye basi nitauma ju ya maji!"

Mwenzake akamuunga mkono. Shangazi hakuwasikiliza. Mkono wake wa kulia uligusa ukuta, na nikaona vidole vikipanda, kimoja baada ya kingine, kama urefu wa shubiri moja. Kisha akaushusha akaurudisha kwenye maharagwe.

Lilikuwa zoezi letu la mjusi. Alikuwa wa kikundi chetu cha Kamanyola. Kwa muda wote huo nilikuwa nazungumza na mwanamke anayeisikia sauti yangu kila asubuhi, nami sikumjua kwa uso wala kwa jina. Na yeye alijua kazi yangu ni ipi, na ni wanawake gani ninaowakataza vyakula. Nilikuja na uongo nilioupanga vizuri, na sauti yangu ikawa imemweleza kila kitu nilichoapa kutokisema.

"Munyamaze," aliwaambia wanaume. "Tumbo iko inauma bantu. Tutarudia kule."

Alinisindikiza hadi barabarani kama inavyopasa kumsindikiza mgeni. Nyumba ilipofichika, alisimama.

"Weye hunijue," akasema.

"Sikujui, mama."

"Na minye sikujue." Akatembea hatua kadhaa. "Lakini ile ya maziwa, ju ya nini kwetu haukuisema? Minye niko nakunywa kila siku. Niache?"

Alisubiri. Pikipiki ilikuja, nikaipungia, na hadi leo sijui kama niliipungia kwa sababu ilikuwa inakuja au kwa sababu alikuwa anasubiri.

Niliporudi, Mama Furaha alikuwa ananingoja biro. Alinipa chai. Nilipomweleza habari ya vidole ukutani, akasema, "Minye nilijua kuna batatu ao bane ba Kamanyola benye kuwa na batoto ba kuoa. Sikujua ni nani. Njo maana nilisema barua." Basi hilo nalo liandikeni, ninyi mnaokuja: barua haina sauti. Na mengine, kwa kuwa niliahidi mambo ya kufaa. Ulizeni uzito kabla ya kutaja chakula. Jambo mkiliambia kikundi kimoja, liambieni na kingine. Msiseme "kabisa" kwa sababu mmechoka kuulizwa. Nimejaribu kutafuta kanuni kubwa zaidi ya hizi na sikuipata. Kila nikiishika, namkumbuka mwanamke ambaye ingemdhuru.

Watu wa kijana walirudi Songo baada ya majuma mawili. Sikuwepo, nilisimuliwa na Solange, aliyekuwa ameanza tena kunisalimu. Chombo kilipoletwa, shangazi aliomba yeye na Mama Solange waingie nacho ndani, wawili tu, na mlango ufungwe. Wanaume walinung'unika. Tangu lini maziwa yananywewa nyuma ya mlango? Shangazi akawajibu kwamba wao waliomba mke, hawakuomba kuchunga midomo ya wamama. Walikaa humo muda mrefu hadi wali ukapoa. Walipotoka, chombo kilikuwa kitupu, na macho ya Mama Solange yalikuwa mekundu. Mazungumzo yakaanza.

Solange ameolewa. Baada ya harusi nilikwenda Songo peke yangu, mkononi sina kitu ila mambo niliyopaswa kukiri. Mama Solange alikuwa kwenye mkeka, nje, kwenye kivuli cha ukuta.

"Mama," nikasema, "siku ile ndani, nani alikunywa?"

"Weye unapenda kuuliza," akasema. "Solange iko kwake."

Nikamweleza basi yangu. Kwamba neno "kabisa" lilikuwa langu, halikuwa la kitabu. Kwamba kitabu kilikuwa kinawasema wenye uzito mkubwa, na yeye hakuwa mmoja wao. Kwamba sikumuuliza. Kwamba nilipofika Kamanyola, shangazi alinitambua kwa sauti, na kwa hiyo siri yake niliitoa mimi.

"Ile najua," akasema. "Alinionyesha na yeye kovu yake."

Akakunja na kukunjua ncha ya kitenge. Nilingoja anifukuze. Sikuwa na uhakika kama nilitaka anifukuze au anisamehe, na yeye hakuonekana kuwa na haraka ya lolote kati ya hayo.

"Sasa sema," akasema mwishowe. "Nikunywe, ao nisikunywe?"

"Wataalamu wawili wanasema unywe. Wa tatu aliuliza uzito tu."

"Sikuulize bale. Niko nakuuliza weye."

Nilitafuta ile sauti ya kabatini, ile ambayo wote wanaijua, na sikuipata.

"Mama, mimi sijui."

Akasogea kwenye mkeka ili nipate nafasi.

"Basi sasa tuko babili," akasema.

Nikakaa.